Landrova Series III ikizima njiani, ipime kabla haijapoa

Wenye Landrova za zamani wengi ninaokutana nao wana boksi la spea ambazo hazikuwa mbovu: koili inayozalisha moto wa plagi, pampu ya mafuta, plagi, hata kabureta nzima, kile kinachochanganya petroli na hewa. Zilibadilishwa moja baada ya nyingine kwa kubahatisha, na gari likaendelea kuzima. Jambo hili linaniuma, kwa sababu injini ya petroli ya lita 2.25 iliyofungwa kwenye Series III, kuanzia 1971 hadi 1985, inaeleweka. Haina kompyuta. Inataka petroli, hewa na moto wa plagi kwa wakati wake. Kimoja kikikosekana inazima, na namna inavyozima ndiyo inayokutajia kilichokosekana.

Kwa hiyo jiulize kabla hujashika spana. Inakata ghafla kana kwamba umezima swichi? Hapo shuku umeme. Inakohoa, inapoteza nguvu, halafu ndiyo inazima? Mara nyingi ni mafuta. Inasumbua asubuhi ikiwa baridi, au baada ya kupata moto? Mtu akiniambia tu "gari linazima" sina la kumsaidia. Akiniambia "linazima likipata moto, nikingoja nusu saa linawaka vizuri", tumeshafika mbali.

Tatizo hilo la joto ndilo linalopotosha watu zaidi. Langu, la shasi ndefu (inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), lilikuwa likinizimia kwenye mlima Kitonga mchana wa jua, na kila aliyesimama kunisaidia alisema petroli inachemka. Inawezekana kweli: manifoldi ya kuingiza hewa kwenye injini hii imefungwa juu ya ile ya ekzosi, na kabureta inakaa papo hapo kwenye joto. Lakini kondensa, kikopo kidogo kinachosaidia koili kutoa cheche kali, ikianza kufa hufanya vilevile. Ikipata moto inagoma, ikipoa inafufuka. Ukingoja gari lipoe ndipo upime, utakuta kila kitu kizima na utaondoka bila jibu. Pima dakika zile zile linapokataa.

Hakikisha kwanza hakuna petroli inayovuja. Kisha chomoa waya mnene wa katikati kwenye kofia ya distributa (kinachogawia plagi umeme), ule unaotoka kwenye koili. Ushike kwa koleo lenye mpini wa mpira, ncha yake ikae kama milimita 6 kutoka kwenye chuma safi cha injini, na mwenzako apige selfu. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta maana yake umeme uko sawa hadi hapo, nenda kwenye mafuta. Ikiwa ya njano na nyembamba, au haipo kabisa, angalia pointi (swichi ndogo iliyo ndani ya distributa), kondensa na koili, kwa mpangilio huo. Langu lilitoa njano. Nilibadilisha kondensa pale pale mlimani, likapanda.

Kama moto upo kwenye waya huo lakini plagi hazipati, kosa liko kwenye rota, ile inayozunguka chini ya kofia, au kwenye kofia yenyewe. Rota mpya za bei rahisi nyingine zina ribiti iliyokaa karibu mno na shafti, na umeme unatoboa plastiki na kupotelea humo. Ukipata rota au kondensa ya zamani inayofanya kazi, usiitupe. Ni spea bora kuliko nyingi za dukani sasa.

Kuna kosa jingine ambalo mafundi vijana hawalijui. Ndani ya distributa mna waya mwembamba unaokwenda kwenye pointi, na sahani inayobeba pointi huzunguka kidogo kila vakyumu, yaani mnyonyo wa injini, inapoivuta. Baada ya miaka, shaba hukatika ndani huku ngozi ya waya ikibaki nzima. Gari linanguruma vizuri likiwa limesimama bila kukanyagwa, ukikanyaga mafuta linakata. Uvute taratibu kwa vidole: ukirefuka kama mpira, umekatika.

Pointi zenyewe zinatakiwa ziachane milimita 0.35 hadi 0.40 zikiwa zimefunguka kabisa. Zungusha injini kwa ule mkono wa kuwashia wa mbele, ni kazi nyepesi ukishatoa plagi. Paka grisi kidogo sana kwenye kemu, ile yenye pembe inayofungua pointi, la sivyo kisigino cha pointi kinalika, uwazi unapungua na cheche inachelewa kutoka.

Selfu ikizunguka kwa uvivu, betri isipewe lawama moja kwa moja. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6 ikitulia. Kama inasoma hivyo na bado selfu inasaga, chukua waya mnene wa kuazima moto wa betri ya gari jingine, unganisha hasi ya betri moja kwa moja na chuma cha injini. Selfu ikichangamka, waya wako wa ethi, ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi betri, umeoza. Injini inakaa juu ya mipira, haina ethi nyingine ya kutegemea.

Upande wa mafuta, anza na kifuniko cha tanki. Ukikifungua baada ya gari kuzima ukasikia likivuta hewa, tundu la kupumulia limeziba. Kutu ya tanki, ambalo kwa nyingi liko chini ya kiti, huziba bomba pia.

Na kama unaona moshi mweusi, harufu ya petroli, na gari halitaki kuwaka likiwa moto, fungua kabureta aina ya Zenith. Kifuniko chake hupinda kwa joto, na ringi ya mpira iliyo chini yake huchoka, petroli ikapita isipotakiwa. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua kifuniko hadi kinyooke, tia ringi mpya. Wakati wa kufunga, kaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, bila kulazimisha, kwa sababu kukazwa kupita kiasi nako hukipinda.