Goti Linalong'aa

Swali lenu la wiki hii: "Sanamu katika ua wa hospitali ni kupoteza fedha?" Mimi nasema si hasara. Tatizo ni kwamba anayeichagua huwa mzima wa afya.

Nilimuuguza mama wiki tatu. Uani palikuwa na sanamu ya shaba nyeusi, mwanamke ameketi, kikapu mapajani. Mwili wote ulishaingia kutu ya kijani, isipokuwa goti la kushoto na ukingo wa kikapu. Hapo paling'aa kama pete kwa kushikwa na watu. Goti lilikuwa usawa wa mkono wa aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Mama, ambaye maisha yake yote hakuwa na habari na mambo ya sanaa, kila jioni alitaka nimsukume hadi pale alipapase. "Huyu naye anangoja, mwanangu," aliniambia.

Si yeye peke yake. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, kuna sanamu kubwa ya Yesu ya marumaru, imesimama chini ya kuba tangu 1896 (ni ndani, si uani, lakini hoja ni ileile). Wagonjwa, jamaa zao, hata madaktari hupita wakagusa kidole cha mguu.

Najua wapo watakaosema pandeni miti, yatosha. Wana hoja. Mwaka 1984 Roger Ulrich, mtafiti wa mazingira ya hospitali, alichapisha utafiti wa wagonjwa 46 waliotolewa kibofu cha nyongo: walioona miti dirishani waliruhusiwa mapema na kuhitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioona ukuta wa matofali. Lakini Ulrich huyohuyo ameeleza kisa cha hospitali moja ya Marekani iliyoweka sanamu za ndege za chuma, zenye pembe kali, mahali zinapoonekana kutoka wodi za saratani. Baadhi ya wagonjwa waliziogopa kama wanyama wakali wawindao. Zikaondolewa. Nina hakika ukumbini kwenye maonyesho zingesifiwa. Ila kwenye maonyesho ukichukizwa unatoka; mgonjwa kitanda chake kimeelekezwa dirishani, na kila anachokiona anakisoma kama habari zake mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mfano wa udongo upelekwe wodini. Waulizwe waliolazwa, na wauguzi wa zamu ya usiku, na anayefagia ua, maana ndiye atakayejua maji ya mvua yatatuama wapi. Kingo ziwe laini, kimo kiwe cha kufikika, na benchi liwepo ubavuni.

Mwezi uliopita nilipita pale. Wameizungushia mnyororo na kibao: USIGUSE. Goti limeanza kufifia.