Farasi mzee akiumwa tumbo na kila mtu anasema ni uzee

Julai mwaka juzi, saa tisa za usiku, mzee anayenisaidia kutunza farasi aligonga dirisha langu. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Papa, Kaporali haiko muzuri. Iko naangalia mbavu."

Kwa mfuga farasi maneno hayo yanatosha kumtoa kitandani. Farasi akianza kugeuza shingo kila mara kutazama ubavu wake, ni tumbo. Nikavaa koti, maana hapa Lubumbashi tuko juu, mita 1,200 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya digrii 10. Kaporali alikuwa katikati ya boksi, chumba chake cha kulala, shingo imelowa jasho, mdomo wa juu ameukunja kama mtu anayetaka kucheka. Alikwangua ardhi kwa kwato, akalala, akainuka, akalala tena. Kwenye majani ya kulalia mlikuwa na vinyesi vitano tu, vidogo, vikavu, vimefunikwa ute.

Alikuwa na miaka 24. Nilimnunua kwa familia iliyokuwa inahama mji, na kazi yake ni kuzungusha watoto siku za Jumapili, na arusi mara mojamoja bwana arusi anapotaka kuonekana.

Jirani alikuwa amekwisha kufika na chupa ya bia iliyojaa mawese, tayari kummiminia mdomoni. Nilimshukuru nikaiweka mbali. Mafuta yakimiminwa hivyo huenda kwenye mapafu, na hapo unakuwa na wagonjwa wawili ndani ya farasi mmoja. Mafuta huingia kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, na anayeupitisha awe daktari wa mifugo anayejua kuhakikisha kwamba uko tumboni kweli. Mpira huo una kazi nyingine pia: farasi hawezi kutapika. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule, lita 8 hadi 15, na likijaa gesi na maji bila mtu wa kuvitoa linaweza kupasuka.

Daktari wa kwanza tuliyempata alichoma sindano ya kuondoa maumivu, hakuweka hata sikio ubavuni, akasema: "Huyu ni mzee, papa. Muache apumzike." Akapokea franka zake akaenda. Asubuhi Kaporali alikuwa anakula kama hakuna kilichotokea. Siku kumi na moja baadaye, usiku uleule mrefu ukarudi. Kisha tena. Hadi Oktoba nilikuwa nimehesabu mara sita.

Kila aliyekuja alikuwa na jibu. Wengi walisema uzee. Shangazi yangu alisema ni wivu wa watu, na kwamba farasi wa arusi hutazamwa na macho mengi mno. Sikubishana na shangazi. Kubishana naye ni kazi ya siku nzima. Jibu la uzee ndilo lililonikera zaidi, kwa sababu linafunga mlango. Uzee hauumi tumbo. Uzee unachakaza meno, unapunguza hamu ya maji, unaleta maumivu ya miguu yanayokufanya utoe dawa, na vitu hivyo ndivyo vinavyoumiza tumbo. Kila kimoja kina mahali pake pa kushikwa.

Daktari wa pili, mtu mpole aliyepitia tiba ya mifugo hapahapa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alianza kwa kunifundisha kuhesabu. Chini ya taya, pale mfupa unapokata kona, kuna mshipa unaoteleza kama kamba ya kiatu. Uweke chini ya vidole viwili, hesabu sekunde 15, zidisha kwa nne. Farasi mzima aliyetulia huwa kati ya 28 na 44. Kaporali kwa kawaida ni 36. Nilijifunza namba hiyo siku ambayo alikuwa mzima, na ninasisitiza: jifunze akiwa mzima. Usiku wa maumivu alifika 52. Kisha ufizi: ubonyeze kwa kidole, rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Kisha sikio kwenye ubavu, kushoto na kulia, juu na chini. Tumbo la farasi mzima halinyamazi; linanguruma kama lori mbali. Likinyamaza kabisa, piga simu kabla ya kufikiria bei.

Akaniambia ninunue daftari. Tarehe, saa, mapigo, alikula nini, alikunywa ndoo ngapi, mavi yalikuwaje, alipewa dawa gani na saa ngapi. Hili la saa ya dawa ni muhimu kuliko linavyoonekana. Sindano ya maumivu kama fluniksini inaweza kuficha maumivu ya utumbo uliojisokota, na daktari asiyejua imechomwa lini atadanganywa na farasi aliyetulia.

Wiki ya nne nilikaa na daftari chini ya taa. Mashambulizi manne kati ya sita yalikuja Jumatatu au Jumanne. Jumamosi na Jumapili ndizo siku nilizokuwa nampa fenilbutazoni ili miguu isimsumbue akiwabeba watoto. Dawa hiyo, ikitumiwa mara kwa mara, hutoboa vidonda tumboni na huweza kuwasha utumbo mpana. Nilikuwa nimeinunua mwenyewe na kupima kwa macho. Niliona aibu, nasema kweli.

Lakini daftari halikuishia hapo. Mzee msaidizi, ambaye hakuwahi kukaa darasani muda mrefu lakini macho yake hayapitwi, aliniletea kitu mkononi: bonge la nyasi lililotafunwa nusu, limeviringika kama sigara nene. "Anatupaka hivi kila siku," akasema, akiwa na maana kwamba anayaangusha chini. Magego ya Kaporali yalikuwa yameota ncha kali pembeni na moja limelegea. Asiyeweza kusaga humeza nyuzi ndefu, na utumbo mpana wa farasi una kona moja ambapo njia inabanwa ghafla. Nyuzi ndefu zisizo na maji ya kutosha hukwama hapo. Na maji hakuwa anakunywa ya kutosha. Farasi anahitaji lita 25 hadi 50 kwa siku, na daftari lilionyesha asubuhi za baridi ambazo ndoo ilibaki imejaa. Meno mabovu na maji ya baridi! Wewe ungekunywa?

Halafu mchanga. Hili unaweza kulifanya leo jioni. Chukua mavi ambayo hayajagusa ardhi, kiasi cha vinyesi sita, yatie kwenye mfuko wa plastiki usiopenya au ndoo nyeupe, mimina maji, vuruga, acha dakika 20. Nyuzi huelea, mchanga huzama. Sisi tulipoinua mfuko ule kwenye mwanga, pembe ya chini ilikuwa nyekundu, nyekundu ya barabara ya Kipushi, na ukiipapasa kwa nje inakwaruza. Ilijaa vijiko vitatu vya supu. Septemba malisho yetu huwa yameisha, nyasi zimechomwa moto porini, farasi analamba ardhi akifuata mizizi. Ila angalia: kukosa mchanga kwenye mfuko hakuthibitishi kwamba tumboni haupo, maana unaweza kukaa ndani bila kutoka.

Minyoo tuliitafuta pia. Mayai yalikuwa machache. Daktari akaongeza prazikwanteli kwa sababu ivermektini niliyozoea kutoa haiui tegu, na tegu wa farasi hupenda kukaa pale utumbo mwembamba unapokutana na mkubwa.

Kwa hiyo nilikuwa na washukiwa wanne na hakuna ushahidi wa kumfunga yeyote. Mtu wa sayansi angebadili kitu kimoja, asubiri, abadili kingine. Mimi nilianza kubadili vyote wiki moja, na ningerudia hivyohivyo, kwa sababu anayeumwa ni mnyama wangu na si mtihani. Meno yakapigwa tupa, lile legevu likang'olewa. Fenilbutazoni ikasimama, tukamwanzishia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa mwezi, na watoto wakabebwa na jike mdogo. Maji tunayatia vuguvugu kwenye mbabula, jiko la makaa, asubuhi, na kijiko cha chumvi kwenye chakula. Pumba za mahindi nilizipunguza, na zile zinazobaki zinalowekwa hadi ziwe uji. Kila badiliko la chakula lilichukua wiki mbili au tatu, maana vijidudu vya utumbo wa farasi havipendi haraka. Nyasi kavu, tunazokata Aprili kabla hazijawa kuni, zinawekwa juu ya vipande vya mkanda wa mpira wa mgodini, asile juu ya mchanga. Katika mji huu mpira huo haukosi kupatikana. Nilipata mita sita kwa bei ya kuku wawili.

Kama ni mchanga, meno, dawa au maji, hadi leo sijui. Tangu Novemba ile ameumwa mara mbili, kidogo, na mara zote mbili alitoa mavi kabla ya alfajiri.

Kuna jambo moja ambalo daktari alinieleza tukiwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na ambalo nadhani kila mwenye farasi mzee aambiwe. Farasi waliopita miaka 15 hivi huweza kuota vivimbe vya mafuta tumboni, vyenye kikonyo kirefu. Kwa miaka havina neno. Siku moja kikonyo kinajizungusha kwenye utumbo mwembamba kama kamba kwenye shingo ya gunia, na damu haipiti tena. Hapo mafuta, kutembezwa na sindano havisaidii. Ni kupasua au kumlaza milele kwa dawa. Mimi sikupata mtu wa kumpasua karibu, na kwa umri wake na barabara zetu nisingempakia kwenye lori akiwa katika maumivu yale.

Basi tuliandika karatasi, mchana, Kaporali akiwa anakula. Mimi, mke wangu na mzee msaidizi. Tuliandika kwamba mapigo yakipita 60 na yakaendelea kupanda, ufizi ukigeuka zambarau, au maumivu yakirudi kwa nguvu saa moja baada ya sindano, tunampigia daktari aje na dawa ya kumlaza, na hakuna atakayesema "tungoje asubuhi". Tuliandika namba mbili za simu, na jina la mwenye shamba aliyekubali tuchimbe kwake. Mzee aliuliza nani atamshika kamba. Nilisema mimi. Akasema hapana, amemjua muda mrefu kuliko mimi. Tukaandika jina lake.

Karatasi iko nyuma ya mlango wa stoo. Mwezi uliopita panya walikula pembe yenye namba ya daktari, nikainakili upya na kuitundika juu zaidi.