Rangi haizibi nyuzi za kitambaa

SWALI: Mzee, habari za kazi. Ninaunda ndege ya mfano ya mota ya umeme, bawa lake mita moja na nusu, mbavu za balsa, ule mti mwepesi sana. Nimeifunika kwa poliesta nyembamba ya Kiyembe, mtaa wa vitambaa kule Kampala, nikaikaza kwa pasi, nikapaka rangi ya mafuta. Kila nikiongeza koti, nyuzi bado zinaonekana, na ndege imeanza kuwa nzito. Nifanyeje? – Msomaji, Jinja

JIBU: Kijana wangu, weka brashi chini. Rangi ikikauka hunywea, ikazama katika vitundu vilivyo kati ya nyuzi, na umbo la kitambaa likarudi lilelile. Unachoongeza ni uzito, na mkiani ndiko unakoumiza zaidi. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua, kwa hiyo gramu moja ya nyuma inaweza kudai gramu mbili au tatu za madini ya risasi mbele ili ndege isawazike.

Vitundu huzibwa kabla ya rangi. Nenda kwa wauza vifaa vya maseremala, ununue sila ya mbao ya selulosi (sanding sealer, maji ya kuziba vitundu vya mbao) na thinna yake. Koti la kwanza liwe sila na thinna nusu kwa nusu, bila kitu kingine, brashi ikiwa karibu kavu. Kazi yake ni kushika nyuzi na kulaza manyoya, yaani vinyuzi vidogo vinavyosimama juu ya kitambaa. Ukijaza brashi, sila itapenya na kuning'inia matone upande wa ndani.

Likikauka, changanya sila na poda ya talki mpaka iwe kama uji mwepesi. Soma kopo la poda kwanza: nyingine ni wanga wa mahindi, na wanga hunyonya unyevu. Koroga kila mara, maana talki hutuama chini. Paka koti moja kwa urefu wa bawa, la pili kwa upana.

Sasa msasa, namba 320 kisha 400, na hapa ndipo penye ufundi wote. Futa karibu kila ulichopaka, kibaki ndani ya vitundu tu. Uonapo manyoya, umefika kwenye uzi, acha hapohapo. Juu ya mbavu na ukingo wa mbele tumia kidole bila kukandamiza, kwa sababu hapo kitambaa hutoboka upesi. Vaa barakoa. Mvuke wa thinna unawaka, kwa hiyo usipake karibu na sigiri.

Hapo Jinja, karibu na ziwa, usipake asubuhi yenye unyevu wala mvua ikinyemelea. Thinna ikiruka hupoza uso wa kitambaa, maji ya hewani yanatua, na sila inageuka nyeupe kama imeungua. Ikitokea, ngoja mchana mkavu, upitishe thinna kidogo juu yake.

Bawa lako la sasa, libandue kitambaa chote. Sila ya selulosi juu ya rangi ya mafuta huikunja na kuivimbisha, na kitambaa kipya ni rahisi kuliko kukwangua. Mwili wa ndege uache ulivyo. Nyuzi kidogo hapo hazidhuru, hata ndege za vita za mwaka 1916 zilionyesha kitambaa chao. Mkiani nako bandua kitambaa chenye rangi, na kwenye kipya paka sila koti moja tu, bila talki, na upime mizani ya ndege kabla hujafungua kopo la rangi.