Barua kwa mwanangu: Mzee wa Matondoni

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Barua yako niliipata Alhamisi, nikaisoma kibarazani, nikairudia. Unauliza kama mtu anaweza kupiga picha za kuita watalii na bado akabaki mpiga picha wa kweli, maana umepata ile kazi ya mahoteli ya Diani na moyo wako hautulii. Ukamtaja Mohamed Amin, yule mpiga picha wa habari wa Kenya: yeye aliwezaje?

Aliweza, ndiyo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko huko mwaka 1963 akaanzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, kijana wa miaka ishirini. Mapinduzi ya Unguja aliyapiga picha, na baadaye jela ya Unguja aliionja. Waziri Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi mwaka 1969, Amin alifika na kamera. Oktoba 1984 picha zake za Korem, Ethiopia, zikaionyesha dunia watu wanavyokufa kwa njaa. Na mtu huyo huyo, miaka hiyo hiyo, alikuwa akitoa vile vitabu vikubwa vya picha za Kenya na Tanzania, ambavyo mgeni akivifunua anaanza kuhesabu nauli. Sioni kosa hapo. Nchi ina kahawa, ina chai, ina na mandhari, na mandhari hayajitangazi. Wewe mwenyewe ada yako ya shule ilitoka kwa wageni wa pwani.

Lakini si hilo linaloninyima usingizi mimi. Mimi nauliza yule uliyempiga picha amepata nini. Nimewaambia tangu wadogo: picha ni deni.

Ile picha ya dau iliyotundikwa ukumbini kwa bibi yako, kisa chake chote hukijui. Mwaka 1986 kampuni moja ya postikadi ilinituma Lamu. Huko, kijiji cha Matondoni, nikamkuta mzee akikalafati dau, akiziba nyufa za mbao maji yasiingie. Ameketi chini ya ubavu wa chombo, anasokota pamba kwa vidole, anaichovya kwenye sifa, yale mafuta ya papa, anaipenyeza katikati ya mbao kwa patasi na nyundo, ko, ko, ko, bila kuinua macho. Harufu ya sifa ilinikaa nguoni siku mbili. Jua la saa kumi lilimwangukia bega moja tu. Nikamwomba ruhusa. Akasema, "Piga, mwanangu, bora usinisimamishe kazi." Nikamaliza mkanda mzima juu yake, na nikamwahidi nakala.

Sikumpelekea. Nilirudi Mombasa, picha zikasafishwa, nikawapa wenyewe, wakanilipa, nikaona yamekwisha. Mwaka uliofuata nikaenda Lamu kwa harusi ya shangazi yako, nikakutana naye gatini. Akatia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa postikadi iliyokunjika pembe. Ni yeye. Nyuma yake imeandikwa kwa lugha tatu: Mvuvi wa Kiafrika. Alikuwa ameinunua, mwanangu. Ameinunua dukani kwa pesa yake.

Hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mimi si mvuvi. Mimi ni fundi." Kisha akanikaribisha kahawa.

Nilikwenda kwa wenye kadi, wakasema zimeshachapwa. Nikasafisha nakala kubwa kwa gharama yangu, na nilipofika nayo Matondoni mzee alikuwa ameshazikwa. Watoto wake walinipa mkono, wakasema niondoke nayo, wao hawatundiki picha ya maiti. Ndiyo hiyo iliyoko kwa bibi yako.

Utasema kosa ni la wenye kadi. Kweli. Lakini nani aliwapa picha isiyo na jina? Niliandika "Lamu, 1986" kwa kalamu yangu mwenyewe. Neno "fundi" lingenichosha nini? Halafu tena najijibu: bila kadi ile, wageni wangapi wangejua kuna Matondoni? Vijana wa yule mzee waliwatembeza wageni kwa dau lile lile, wakala, wakaoza watoto wao. Hilo nalo ni kweli, siwezi kulifuta. Ila kula kwao hakukunilipia deni langu kwa baba yao. Picha ni deni.

Amin alipoteza mkono wa kushoto Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, akatengenezewa wa bandia, akarudi kazini. Novemba 1996 alikuwa akirejea Nairobi ndege ilipotekwa, ikaanguka baharini Ngazidja, huko Komoro, mbele ya hoteli ya watalii. Mgeni aliyekuwa ufuoni akaipiga filamu ikigonga maji, wala hajui ndani yumo nani. Mamako alinisihi nizime televisheni. Sikuzima.

Sasa, uichukue kazi au uiache? Mamako anasema nisikuamulie, umeshakuwa mtu mzima. Ulimi unaniwasha, lakini nimemwahidi. Ila ukienda Diani, nunua daftari dogo la kutia mfukoni. Muulize mtu jina lake na kazi yake, uandike hapo hapo, kabla hujaifunga kamera.

Na Idd ukija, tuishushe ile picha pale ukumbini uandike nyuma yake. Mkono wangu siku hizi unatetemeka. Jina lake nitakutajia.

Baba yako