Kwa nini hatuuzi mahindi yote Julai

Mwanangu,

Huku Songea sote wazima. Uliuliza kwenye simu kwa nini tusiuze mahindi yote Julai, NFRA (wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula) wanaponunua, hela tuiweke kwenye simu na unga tununue dukani. Ukauliza pia ile mifuko ya plastiki uliyotumwa ni ya nini.

Ya kuuza tunauza. NFRA wanapima kwa kilo kwenye mizani, na hilo peke yake ni nafuu, maana mchuuzi bado anataka lumbesa: gunia lenye kilemba, analilipia kama gunia moja. Sheria inakataza, ila huioni ikija shambani. Tatizo ni kwamba kituo kinafunguliwa fedha zikipatikana na kinafungwa lengo likitimia. Bei nayo haipangwi na mkulima. Mwaka 2011, na tena 2017, serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka, na waliokuwa wakingoja wanunuzi wa nje wakabaki na shehena. Ruzuku ya mbolea iliyokuja msimu wa 2022/23 inasaidia kweli, siyo maneno, lakini mbolea ya ruzuku nayo unailipia mvua zikikaribia. Aliyemaliza kila kitu Julai anafika hapo mikono mitupu, kisha Februari ananunua unga kwa bei ya mjini.

Kwa hiyo chakula kinatengwa kwanza. Kwa watu sita weka magunia sita ya kilo 100. Hapo ndipo mifuko inapoingia, kwa sababu dumuzi, yule mdudu anayetoboa punje, akiingia kwenye gunia la kawaida, miezi michache tu unakuta punje zenye matundu na vumbi jeupe chini.

Kila mfuko una tabaka mbili za plastiki ndani na gunia la nje. Wadudu wanatumia hewa iliyobaki humo, ikiisha wanakufa, dawa haihitajiki. Ila plastiki haikaushi kitu. Mahindi mabichi yakifungiwa yanavunda na kuota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haitoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kwa hiyo anika juu ya turubai, kamwe usianike kwenye udongo. Kisha pima: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia punje hadi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikinata ukutani, rudisha mahindi kwenye turubai juani. Pepeta vizuri, maana kipande cha gunzi kinatoboa plastiki. Jaza kila plastiki upepo, sokota mdomo, minya. Ikipumua ina tundu.

Jaza kidogo kidogo huku ukishindilia, maana mfuko uliolegea una hewa nyingi. Plastiki ya ndani isokote mdomo kwa nguvu, funga kwa kamba ya mpira, ukunje huo msokoto na ufunge tena. Fanya vilevile ya pili, halafu gunia la nje. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, upate kuona panya wanapopita. Panya mmoja akitoboa, hewa inarudi na dumuzi wanaendelea na kazi.

Wengi wanaharibu kwa udadisi, wanafungua kila wiki kuchungulia. Usifungue kabla ya mwezi, na ukishafungua mmoja ule huo mpaka uishe. Mfuko usio na tundu unautumia tena msimu ujao, kwa hiyo usiukate kwa kisu, fungua kamba.

Ukija Desemba niletee mipira ya baiskeli iliyochakaa. Ikikatwa vipande inafunga kuliko kamba za dukani.

Baba yako