Filamu ya animesheni ya wanafunzi sita: nani afanye nini?

Umeuliza hivi: mko sita, mwaka wa mwisho, mnataka kutoa filamu ya animesheni ya dakika tatu kwa Blender, programu ya kompyuta ya kutengenezea animesheni. Wanne wanataka kuongoza, utayarishaji hautakiwi na mtu, na mwenye kompyuta yenye nguvu anadai kompyuta ni yake basi uongozi ni wake. Mimi nilikuwa mtayarishaji wa filamu ya namna hiyo hapa Nairobi, na baadaye nimekuwa nikiitwa na vikundi vya wanafunzi vikikwama. Nitajibu kwa niliyoyaona.

Kabla hamjagawana vyeo, pigeni hesabu. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, yaani picha 24 zinazofuatana, kwa hiyo dakika tatu ni fremu 4,320. Mwanafunzi mwenye masomo mengine akikupa sekunde tano safi kwa wiki, mshukuru. Mkiwa na animeta watatu, yaani watu wa kuwahuisha wahusika kwa kuwapa mwendo, hizo ni sekunde 15 kwa wiki, yaani wiki 12 za kuhuisha tu. Hapo hujahesabu stori-bodi (michoro ya hadithi kwa mfuatano), kuunda wahusika, taa wala renda, yaani kompyuta kukokotoa picha ya mwisho ya kila fremu. Muhula hauwezi kubeba hayo. Fupisheni hadithi iingie kwenye sekunde 90, kazi ya animeta ishuke hadi wiki sita, kisha ndiyo mkae chini mgawane majukumu. Vikundi vingi nilivyoona vikivunjika havikukosa vipaji. Vilikuwa vimejitwika filamu kubwa kuliko watu waliokuwepo.

Mwongozaji awe mmoja. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na ninyi mna manahodha wanne kabla chombo hakijashushwa majini. Si lazima awe ndiye mchoraji hodari wenu. Awe mtu anayeijua hadithi mpaka ndani na anayejibu haraka. Animeta akimuuliza, "Huyu mtoto anajua kwamba nyanya yake anamtazama, au hajui?" jibu lipatikane leo, kwa sababu mabega na macho ya mhusika yanategemea jibu hilo. Na maoni yake yaandikwe kwa namba ya shoti, yaani kipande kimoja cha filamu kisichokatwa, na namba za fremu. "Haina uhai" hayo si maoni, ni lawama. "Shoti ya 7, fremu 46 hadi 58, mkono unafika kabla ya bega, rudisha mkono nyuma kidogo" hayo mtu anaweza kukaa usiku akayafanyia kazi. Mwongozaji pia achore stori-bodi, halafu ile stori-bodi iunganishwe na sauti za muda iwe video moja, ile tunayoita animatiki. Mkishaitazama pamoja na kukubaliana urefu wa kila shoti, hadithi imefungwa. Wazo zuri litakalokuja baada ya hapo liwekwe kwa filamu ijayo.

Sasa huyu mtayarishaji asiyetakiwa. Nitamtetea, na si kwa sababu nilikuwa mimi. Watu hudhani kazi yake ni kununua soda na kubembeleza mhadhiri. Kazi yake hasa ni kujua, saa yoyote, kila shoti iko mikononi mwa nani na imekwama wapi. Awe na jedwali moja mtandaoni ambalo kila mtu anaweza kulifungua kwa simu: namba ya shoti, sekunde, animeta, hatua iliyofikia, tarehe ya kukabidhi. Kundi la WhatsApp haliwezi kufanya kazi hiyo, maana taarifa ya jana inazikwa chini ya vichekesho vya leo. Yeye pia ndiye mlinzi wa majina ya faili. Kikundi kimoja kilikuwa na folda yenye "final", "final2", "final kabisa" na "final ya Jumapili", na iliyokuwa sahihi ni "final2". Andikeni jina la shoti, hatua, na namba ya toleo, kwa mfano sh07_anim_v04, na neno "final" lipigwe marufuku. Halafu nakala: diski ya nje kwa mtu mmoja, ya pili kwa mtu anayeishi mtaa mwingine. Kompyuta huibiwa Nairobi, mnajua.

Mtayarishaji anaweza kutoka nje ya darasa lenu. Mmoja wa walio bora niliowahi kuona alikuwa akisomea biashara, hajui hata kuzungusha mchemraba ndani ya Blender, lakini alikuwa anafuatilia watu kama anayedai kodi ya nyumba. Kama hamna wa kumwita, apewe yule anayejibu ujumbe haraka kuliko wote. Mwongezeeni uhariri na sauti. Kazi hizo huwa nzito mwanzoni na mwishoni, katikati ana nafasi ya kufuatilia.

Mtu ninayewaombea zaidi ni riga, yule anayeingiza mifupa ndani ya mwili wa mhusika ili animeta waweze kumsogeza. Msimpe kazi nyingine yoyote mpaka rigi, yaani hiyo mifupa yote, ikamilike, kwa sababu wote wanamsubiri. Na rigi ikishakabidhiwa, kuna vitu haviguswi tena. Niliona kikundi ambacho riga wao, kijana makini tu, aliamua kusafisha majina ya mifupa wakati shoti kadhaa zilikuwa tayari zimehuishwa. Alibadilisha nukta ikawa mstari wa chini, basi. Asubuhi animeta akafungua faili lake, mhusika anatembea vizuri kwa miguu, lakini mkono wa kushoto umenyooka pembeni umekufa ganzi. Blender hushikilia mwendo kwa jina la mfupa. Rigi ikiwa katika faili moja na shoti katika mafaili mengine yanayoiazima, ukibadilisha jina kule, yale mafaili mengine hayana habari. Mwendo bado umo, ila unautafuta mfupa ambao haupo. Walirudisha majina ya zamani na mkono ukaamka, lakini walikuwa wameshapoteza siku nzima kumshuku animeta. Kwa hiyo wekeni kanuni: riga ajaribu rigi na animeta mmoja kwa shoti moja ya majaribio, wagombane hapo, warekebishe, halafu majina yafungwe. Baada ya hapo riga ni fundi wa kuitwa, na muda unaobaki anaweza kuhuisha shoti rahisi.

Anayeunda wahusika na mandhari humaliza mapema, na wanafunzi wengi humwacha akae bure. Msifanye hivyo. Mhamishieni taa na renda, maana anayafahamu maumbo kuliko mtu mwingine. Animeta wawili wabaki animeta tu; mwongozaji na riga wawasaidie kwa shoti chache, wakijaza nafasi ya yule animeta wa tatu wa hesabu yetu. Hapo sita wenu mmekwisha: mwongozaji, mtayarishaji, riga, muundaji, animeta wawili.

Sauti za maongezi zirekodiwe kabla ya kuhuisha, si baada, kwa sababu midomo na mikono hufuata sauti. Kama hamna studio, ingieni ndani ya kabati la nguo usiku, nguo humeza mwangwi. Mchana usijaribu kama unaishi karibu na stendi; honi ya matatu haifutiki kirahisi.

Renda ndiyo inayojibu suala la mwenye kompyuta. Chukua sekunde 90, ni fremu 2,160. Kila fremu ikichukua dakika tano, ni saa 180, siku saba na nusu bila kuzima. Kwa Cycles, mojawapo ya injini za renda ndani ya Blender, dakika tano si nyingi. Kwa hiyo amueni mapema kama mtatumia Eevee, injini nyingine ya Blender ambayo ni nyepesi zaidi, na anayeshika taa ajue hilo tangu siku ya kwanza. Rendeni picha mojamoja za PNG, kamwe si video moja kwa moja. Stima ikipotea katikati ya video, faili huenda lisifunguke. Ikipotea katikati ya picha, mnapoteza fremu moja na kuendelea pale mlipoachia. Tena kwenye mpangilio wa Blender mkizima kuandika juu ya picha zilizopo (Overwrite) na kuwasha alama za kushika nafasi (Placeholders), kompyuta kadhaa zinaweza kusoma folda moja na kila moja ikachukua fremu ambayo wenzake hawajaigusa. Ombeni maabara ya kompyuta ya chuo wakati wa likizo fupi, mtayarishaji aandike barua hiyo mwezi mmoja kabla.

Mkiwa na hayo, kompyuta ya mwenzenu ni msaada, si tiketi ya cheo. Mmshukuru kwenye majina ya mwisho, mchangieni stima, na kama ana jicho la taa mpeni taa. Kama anafaa kuongoza, basi aongoze kwa sababu hiyo. Waambie wote wanne wanaotaka kuongoza waandike hadithi yenu kwa sentensi tatu na wachore shoti tano za kwanza, kila mtu kivyake, halafu mpige kura bila kujua nani alichora nini. Wengi hujiondoa wenyewe kabla ya kura.

Majina ya mwisho yaandikwe sasa, sio usiku wa kukabidhi, na yaeleze kazi: nani alihuisha shoti zipi, nani aliweka taa wapi. Studio ikikuita kwa mahojiano itasimamisha video yako na kuuliza katika shoti hii wewe ulifanya nini hasa. Ukiwa na orodha ya shoti zenu, ibandike hapa na sekunde za kila moja, nitakuonyesha zile ambazo ningekata kwanza.