Shangazi, nimchome mwanangu sindano ya kuongeza rangi?

Shikamoo Shangazi. Naishi Mwanza. Kijana wangu wa tatu ana ualbino, yuko kidato cha kwanza. Shemeji yangu anafanya kazi Liverpool, anasema huko wazungu wanajidunga sindano na ngozi inakuwa nyeusi. Ametuma kichupa cha unga na sindano ndogondogo. Kijana mwenyewe anaitaka, amechoka kuitwa majina shuleni. Nimchome?
Mama Kijana

Marahaba, mwanangu. Usimchome. Tena hicho kichupa kifungie leo, maana kijana wa umri huo akichoka kutaniwa anaweza kujichoma mwenyewe ukiwa sokoni.

Kuhusu wazungu, shemeji yako hakukudanganya. Dawa hiyo bila shaka ni Melanotan II. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, kwa kuiga homoni inayoiamuru ngozi itengeneze rangi. Inauzwa mitandaoni na kwenye baadhi ya gym na saluni, mtu anachanganya unga na maji mwenyewe kisha anajidunga tumboni. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilianza kuonya tangu 2008, na mpaka leo haijaidhinishwa huko wala Marekani. Vichupa vingi vimeandikwa kuwa ni vya utafiti tu, havitumiki kwa binadamu. Hapo muuzaji kajikinga yeye.

Alipopotea shemeji ni hapa. Ngozi ya mzungu ina uwezo wa kutengeneza rangi, inangoja amri tu. Kwa mwanao amri haijapungua. Hitilafu iko kwenye utengenezaji wenyewe, katika vinasaba alivyorithi kwako na kwa baba yake. Ni sawa na kumhimiza mpishi apike pilau wakati jikoni hakuna mchele. Rangi anayoitamani asiitegemee, ila madhara atayapata.

Na madhara yapo: kichefuchefu, kutapika, uso kuwaka joto, hamu ya chakula kukata. Wanaume wengine uume husimama saa nyingi, kwa maumivu, mpaka wakimbizwe hospitali. Hilo mwambie kijana waziwazi bila kuona haya. Nadhani litamwingia kuliko wosia wowote. Vidoa vyeusi vya ngozi huongezeka na kubadilika sura, na madaktari wameripoti watumiaji waliopata melanoma, saratani kali ya ngozi, ingawa haijathibitishwa kwamba dawa ndiyo chanzo. Sijataja bado kwamba hakuna aliyekagua kilichomo ndani ya kichupa chenyewe.

Shemeji anaweza kukuambia ipo ya halali. Ipo, inaitwa afamelanotidi, iliyokubaliwa Ulaya 2014 na Marekani 2019. Hiyo daktari huipandikiza chini ya ngozi ya watu wazima wenye ugonjwa adimu unaofanya mwanga wa jua uwaletee maumivu makali. Haikuidhinishwa kwa ualbino.

Kinachomlinda mwanao hakina mvuto kwa kijana, najua: kofia ya ukingo mpana, mikono mirefu, mafuta ya kuzuia jua kila siku. Moshi, pale hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya Kilisun mahususi kwa watu wenye ualbino, nao hupewa bure. Nenda kliniki ya ngozi Bugando, au wasiliana na Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania, uulize yanapatikana wapi karibu nawe. Hukohuko kliniki akaguliwe ngozi mara kwa mara, na kidonda kisichopona usikisubirie.

Majina ya shuleni hayatibiwi kwa sindano. Nenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, na ukifika omba pia kijana akae mbele, aone ubao.

Kichupa kipeleke ofisi ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, hapo Mwanza, wao wanajua pa kukiteketeza. Shemeji usigombane naye, alitaka kusaidia. Mwambie kifurushi kijacho atie miwani nzuri ya jua na mashati mawili ya mikono mirefu, saizi ya kijana anayekua.